Mtoto kazaliwa Dubai, ni raia wa wapi?

Simu za namna hii hunijia usiku, nyingi kutoka Ghuba. Ya mwezi uliopita baba alikuwa bado yuko wodini: "Wakili, mtoto kapatikana! Karatasi zake tunaanzia wapi?" Nikampa hongera, kisha nikamuuliza: wewe ulizaliwa wapi?

Akacheka. Alidhani namtania.

Falme za Kiarabu hazimpi mtoto wa mgeni uraia kwa sababu tu kazaliwa katika ardhi yao. Kwa hiyo tunategemea sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995: mtoto aliyezaliwa nje ni Mtanzania wa kurithi tangu siku ya kuzaliwa, ikiwa baba au mama ni raia. Ubalozi haumgawii uraia, unathibitisha alio nao. Ila mzazi huyo asiwe naye ni raia wa kurithi. Urithi huu hushuka ngazi moja tu nje ya nchi. Familia za Unguja na Pemba zenye mguu mmoja Muscat ndizo hunaswa hapa: baba alizaliwa Muscat, pasipoti ya Tanzania anayo miaka yote, anapata mtoto Dubai na mke asiye Mtanzania, ndipo anaambiwa mtoto si raia. Hapo inabaki kumwombea mtoto uraia wa tajnisi, yaani wa kuomba na kupewa, kwa Waziri. Kama mama ni mzaliwa wa Tanga na ni raia, hakuna tatizo. Mtoto anarithi kwake.

(Wakenya, kwenu ni kwepesi zaidi. Katiba ya 2010, ibara ya 14, inatosheka na mzazi mmoja raia, popote mtoto alipozaliwa, na inawagusa hata waliozaliwa kabla yake. Uraia wa nchi mbili pia mnaruhusiwa. Sisi tunamvumilia mtoto tu. Akifika miaka 18 achague.)

Uraia ukishaeleweka, yanabaki majina, na kwa uzoefu wangu hayo ndiyo yanayowachosha watu. Cheti cha kuzaliwa kule huwa na Kiarabu, na Kiarabu hakina "p" wala "ch". Pili anakuwa Bili. Hamisi wa kwenye pasipoti anarudi Khamis, Salehe anakuwa Saleh, halafu ofisa wa Uhamiaji anauliza, na ana haki ya kuuliza, kama baba wa kwenye cheti ndiye huyu. Basi mpe karani wa hospitali nakala za pasipoti zenu na cheti cha ndoa, asiandike kwa kusikia. Soma herufi moja moja kabla ya kusaini. Kosa likishapita, utahangaika na viapo, tafsiri na mihuri ya Wizara ya Mambo ya Nje ya huko.

Na msijipumzishe sana na arubaini. Mtoto ana siku 120 za kupata ukaazi, faini inafuata baada ya hapo, na ukaazi hautolewi bila pasipoti. Ombi la pasipoti lianze wiki ileile cheti kinapotoka.

Yule baba wa usiku alizaliwa Korogwe, mkewe Tanga mjini, kwa hiyo uraia haukuwa na neno. Nilimwomba tu anipigie picha ya cheti. Mama wa mtoto ameandikwa Bili. Asubuhi yake akarudi dirishani kwa karani na pasipoti ya mkewe mkononi.