Diski Imekufa, au Kebo Ndiyo Mbovu?

"Diski imekufa" ni hukumu inayotolewa haraka mno kwenye ofisi zetu hapa Dodoma. Kompyuta ya mhasibu inaganda, faili halifunguki, kuwaka kwenyewe ni kwa kubembeleza. Fundi anaitwa, anatikisa kichwa, na maombi ya kununua diski mpya yanaandikwa siku hiyohiyo. Pengine amepatia. Pengine diski ni nzima kabisa na kilichochoka ni kebo inayoiunganisha na bodi kuu ya kompyuta. Jibu la kweli limeandikwa ndani ya diski yenyewe, na mhandisi anayeijua itifaki ya SATA, yaani kanuni ambazo diski na kompyuta hufuata kupashana data, hulisoma kabla chai haijapoa. Kwa maoni yangu, mafunzo ya itifaki hizi kwa wahandisi wetu yamechelewa. Vyuoni tunafundisha sana kubadilisha kifaa, na kukipima tunafundisha kidogo.

Tuanzie kwenye waya. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, diski za kompyuta za mezani ziliunganishwa kwa mkanda mpana wenye pini 40, ambao ulisafirisha biti 16 kwa mpigo mmoja. Kasi yake ilifika megabaiti 133 kwa sekunde ikakwama. Biti 16 zikiondoka pamoja lazima zifike pamoja, na kadiri kasi inavyopanda ndivyo tofauti ndogo kati ya waya mmoja na mwingine inavyotosha kuzichanganya. Isitoshe, waya zilizolala ubavu kwa ubavu huchafuliana ishara. SATA, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2003, ilipunguza waya badala ya kuziongeza: pini saba tu, yaani jozi moja ya kutuma, jozi moja ya kupokea, na tatu za ethi. Biti husafiri moja nyuma ya nyingine. Kasi ikaanzia gigabiti 1.5 kwa sekunde, ikafika 3 mwaka 2004, kisha 6 mwaka 2009.

Siri iko kwenye hizo jozi. Waya mbili hubeba ishara ileile kinyumenyume: mmoja ukipanda, mwenzake anashuka, na mpokeaji huangalia tofauti yao tu. Kelele za umeme zikiingia kutoka kwenye feni au kwenye kigawa umeme cha kompyuta, huzipata waya zote mbili kwa kiasi karibu sawa, kwa hiyo zinapotolewa mmoja kwa mwingine kelele inafutika. Ndiyo maana kebo iliyobanwa kwenye mlango wa kasha au kukunjwa kama karatasi ni hatari kuliko inavyoonekana. Jozi ikiharibika ulinganifu wake, ulinzi huo umekwisha, ingawa ukipima kwa mita utaona waya bado unapitisha umeme.

Kuna swali ambalo wanafunzi hawaachi kuuliza: gigabiti 6 ukigawanya kwa 8 unapata megabaiti 750, mbona tunaambiwa 600? Kwa sababu kila baiti ya biti 8 hugeuzwa kuwa biti 10 kabla ya kuondoka. SATA haina waya maalumu wa kupeleka mapigo ya saa. Mpokeaji huyapata kutokana na kupanda na kushuka kwa ishara yenyewe. Sifuri mia moja zikifuatana, atapotea. Usimbaji uitwao 8b/10b huhakikisha kwamba biti zinazofanana hazifuatani zaidi ya tano, na gharama yake ni asilimia 20 ya njia. Ukiondoa pia vichwa vya fremu (vifurushi vinavyobeba data) na salamu za pande mbili, ndipo unapoelewa kwa nini diski nzuri ya SSD, ile isiyo na sahani inayozunguka, inaandikwa megabaiti 550 hivi kwenye boksi lake. Hujapunjwa.

Kompyuta inapowashwa, bodi hutuma ishara ya COMRESET, diski hujibu COMINIT, kisha pande zote huamshana kwa COMWAKE. Baada ya hapo hupatana kasi kwa kuanzia juu na kushuka hadi pale wote wawili wanaposikilizana. Hatua hii mafundi wengi wanaipita bila kuitazama, ilhali ina habari nyingi. Diski na bodi zote za gigabiti 6 zikikubaliana kwa 1.5, jambo fulani halijakaa sawa. Mfumo endeshi wa Linux huliandika hilo waziwazi kwenye kumbukumbu zake za kuwaka, na hata kazi ikiwa inaendelea, makosa yakizidi hushusha kasi yenyewe kutoka 6 hadi 3, kisha 1.5. Mtumiaji anachokiona ni kompyuta nzito tu.

Sasa kwenye kiini chenyewe. Data husafiri ndani ya fremu, na kila fremu hubeba mwishoni namba ya ukaguzi ya biti 32. Mpokeaji hupiga hesabu yake, akilinganisha zikalingana hujibu R_OK, zisipolingana hujibu R_ERR. Data ikiharibika njiani, amri inakatizwa na bodi inaituma tena. Hapo hakuna faili lililopotea. Kuna muda uliopotea. Diski nayo huweka hesabu ya makosa hayo kwenye kumbukumbu yake ya afya iitwayo SMART, katika kipengele namba 199. Kipengele namba 5 huhesabu sekta, yaani vipande vidogo vya kuhifadhia data, zilizokwisha kuhamishwa kwa ubovu, na 197 huhesabu zile zinazosubiri kuamuliwa. Kwa hiyo 199 ikipanda huku 5 na 197 zikiwa sifuri, anza kushuku njia: kebo, soketi, pengine umeme. Ikiwa 5 na 197 ndizo zinazopanda, tatizo liko kwenye diski, na kazi ya kwanza ni kunakili data kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Kumbukumbu za Linux nazo hutenganisha hali hizo mbili: kosa la njiani huandikwa ICRC, la sekta isiyosomeka huandikwa UNC. Herufi nne na herufi tatu, na bei ya diski nzima iko katikati.

Tahadhari moja ambayo huwakwaza hata wazoefu: hesabu ya 199 hairudi nyuma. Ukibadilisha kebo, namba ya zamani inabaki palepale, na fundi asiyejua atasema kebo mpya haikusaidia kitu. Andika namba kwanza, badilisha, tumia mashine siku kadhaa, kisha linganisha.

Kwa wakufunzi wenzangu wa Dodoma, Singida na kwingineko wanaosema haya hayafundishiki bila kichanganuzi cha itifaki, kifaa ambacho kweli ni ghali: mengi yanafundishika kwa kompyuta kuukuu yenye Linux. Programu ya smartctl, pamoja na SMART, husoma vihesabio vya tabaka la chini la SATA kwa amri ya `smartctl -l sataphy`. Kigezo cha kernel, yaani kiini cha Linux, kiitwacho `libata.force` hukuruhusu kulazimisha kasi ya 1.5, na hilo peke yake ni zoezi zuri kuliko mihadhara mingi: makosa yakitoweka kwa kasi ndogo na kurudi kwa kasi kubwa, mwanafunzi ameshuhudia kwa macho yake ubovu wa ishara. Vipimo vya AHCI, yaani jinsi programu inavyozungumza na kidhibiti cha SATA, vimewekwa na Intel hadharani bila malipo. Ila fanyeni kwenye diski isiyo na kazi ya mtu.

Na mziangalie kebo za maabara. Kiunganishi cha kawaida cha kebo ya ndani ya SATA kimekadiriwa kuchomekwa na kuchomolewa mara 50, wakati cha kwenye paneli ya nyuma ya seva ni mara 500. Darasa la wanafunzi thelathini linaimaliza kebo kwa vipindi viwili. Kisha ongeza vumbi la kiangazi chetu, ambalo halihitaji kualikwa. Soketi isiyotumika ifunikwe, na pini za kiunganishi zisafishwe kwa spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme. Kupuliza kwa mdomo kunapeleka unyevu ndani.

Upande wa seva kuna SAS, ndugu wa SATA aliyekulia kwenye kituo cha data. Ana milango miwili kwenye diski moja, ili njia moja ikikatika nyingine iendelee, na anatuma na kupokea data kwa wakati mmoja. Diski ya SATA huingia kwenye soketi ya SAS na kufanya kazi, kwa kuwa kidhibiti cha SAS kinaijua lugha yake. Kinyume chake haiwezekani, na umbo la plagi limetengenezwa makusudi kuzuia. Anayeletewa diski za SAS za seva iliyotumika kwa bei ya kutupa, akitaka kuzifunga kwenye kompyuta ya mezani, afikirie kwanza. Hadhari kama hiyo inahitajika kwa vijiti vya M.2, yaani diski ndogo bapa zinazochomekwa moja kwa moja kwenye bodi: kimoja kinaweza kuwa cha SATA na kingine cha NVMe, itifaki iliyotoka mwaka 2011 na inayopita kwenye PCIe, njia ya kasi ya bodi kuu, huku vikifanana kwa macho. Kitabu cha bodi ndicho kinachosema soketi inapokea kipi.

Kuna jambo la mwisho, nalo linawahusu maofisa masuuli na maofisa ugavi kuliko mafundi. Diski iliyohukumiwa kufa kwa kosa la kebo huwekwa stoo, hupigwa mnada au huuzwa chakavu, ilhali kila kilichomo kinasomeka: mishahara, majalada ya wagonjwa, namba za vitambulisho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde, na lebo ya "mbovu" kwenye diski haizifuti taarifa hizo. Kabla diski haijatoka ofisini, ichomekwe kwa kebo nyingine kwenye mashine nyingine. Ikiitika, ifutwe kwa amri ya kufuta kwa usalama iliyomo ndani ya diski yenyewe, kisha ikaguliwe kama imefutika. Isipoitika kabisa, amri hiyo haitaifikia, na hapo inabaki kuitoboa au kuisaga mbele ya shahidi, na namba yake ya utambulisho kuandikwa kwenye daftari la mali.