Je, wajua kwa nini mikorosho huidanganya ramani ya mmomonyoko?

Ukiyatazama mashamba ya mikorosho ya Mtwara na Lindi kutoka angani, utaona kijani kilichotanda kuanzia Newala hadi karibu na bahari. Ukiingia chini ya mikorosho hiyohiyo mwezi Oktoba, utakuta ardhi imepaliwa na kufagiwa hadi mchanga umebaki mtupu, kwa kuwa korosho huanguka zenyewe pamoja na mabibo yake, na mwokotaji anataka kuziona. Tofauti hiyo kati ya kinachoonekana juu na kilichopo chini ndiyo mtego mkubwa kwa yeyote anayechora ramani ya hatari ya mmomonyoko wa udongo katika pwani hii.

Ramani hizo huchorwaje? Nyingi hutegemea kanuni iliyotungwa Marekani na Walter Wischmeier na Dwight Smith, ikachapishwa mwaka 1965 na kuboreshwa mwaka 1978. Ardhi hugawanywa vipande vidogo, na kwa kila kipande huzidishwa mambo matano: nguvu ya mvua, wepesi wa udongo kumomonyoka, urefu na ukali wa mteremko, uwazi wa udongo kwa kukosa mimea, na juhudi za mkulima mwenyewe, kama vile matuta ya kukinga maji. Jibu hutoka kwa tani za udongo zinazopotea katika hekta moja kwa mwaka. Kwa kuwa mambo hayo huzidishwa, kosa la jambo moja huharibu hesabu nzima: uwazi wa udongo ukikadiriwa nusu ya ulivyo, tani zote nazo hutoka nusu.

Mteremko haupatikani kwa taabu. Chombo cha anga Endeavour kilipima miinuko ya sehemu kubwa ya dunia kwa rada mnamo Februari 2000, na vipimo vyake, vyenye vipande vya meta 30 kwa 30, vinatosha kuonyesha jinsi ardhi inavyoshuka kwa ghafla kutoka Newala kuelekea bonde la Ruvuma. Mvua ni ngumu zaidi, maana kinachopimwa si wingi wa maji peke yake bali pia ukali wake katika zile dakika 30 ilizonyesha kwa nguvu kuliko nyingine. Manyunyu ya siku nzima huweza kunywewa na ardhi taratibu bila madhara, lakini mvua kubwa ya nusu saa huupiga udongo, huutawanya na kuziba vinyweleo vyake, kisha maji huanza kutiririka.

Mikoa hii ina msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Mvua za kwanza, basi, huikuta ardhi ya mashamba iliyosafishwa kwa ajili ya mavuno, ilhali setilaiti inasoma majani ya mikorosho na kuonyesha kwamba udongo umefunikwa. Kwa maoni yangu, ramani iliyochorwa kwa wastani wa picha za mwaka mzima haifai kumwongoza mkulima wa huku. Picha ni lazima ziwe za miezi hiyo, na anayezisoma ni lazima aende shambani.

Huko dalili zipo. Ukiinama baada ya mvua kubwa, utaona vinguzo vidogo vya udongo, kila kimoja kikiwa kimebeba kokoto au kipande cha ganda kichwani: udongo wa kandokando umechukuliwa, uliofunikwa umebaki, na urefu wa kinguzo ndio kina cha udongo uliokwenda. Milimita moja huonekana si kitu, lakini juu ya hekta nzima ni meta za ujazo 10, yaani takribani tani 13 hadi 15.

Kanuni hii haihesabu makorongo, wala ufuo unaoliwa na mawimbi. Korongo mara nyingi huanzia pale maji yalipokusanywa, kama vile kwenye mdomo wa kalvati au njia ya miguu inayoshuka mlima, kwa hiyo makorongo huchorwa moja moja, kwa kutembea na kifaa cha GPS. Ni kazi ya kuchosha, lakini bila hiyo hatutajua tope linaloteremshwa na Mto Lukuledi kuelekea mikoko ya Lindi limeng'olewa kwenye mteremko upi.