Usikandwe maji ya moto baada ya upasuaji wa kizazi

Upasuaji wa kizazi ni upi?
Ni kutoa kizazi chenyewe, kutoa uvimbe ulioota kwenye kizazi, au kutoa uvimbe wa ovari, yaani vifuko vya mayai ya mwanamke vilivyo pembeni mwa kizazi. Wengine hupasuliwa tumboni, wengine hupitia ukeni.

Mama amekuja kutoka Tandahimba kuniuguza. Anataka kunikanda tumbo kwa maji ya moto. Akubaliwe?
Hapana. Asubuhi moja wodini nilimkuta bibi amepitisha chupa ya chai ndani ya kanga. Chai haikuwemo, yalikuwemo maji yanayotoa mvuke. Mkwewe alikuwa na siku ya pili tangu apasuliwe. Bandeji ilikuwa imelowa chapachapa, na ngozi ya pembeni imebabuka malengelenge. Bibi alikuja kwa mapenzi, hilo nalijua. Lakini kidonda kilicholowa huingiwa na wadudu, na kukandamiza tumbo kunaweza kuachanisha nyuzi.

Lakini si lazima damu chafu itolewe?
Damu ipi? Kama kizazi kimetolewa, hakuna kinachobaki cha kukamuliwa. Damu kidogo inayotoka ukeni inatoka yenyewe na hupungua siku hadi siku.

Na maji ya uvuguvugu?
Kukandwa, hapana. Ya moto hapana, ya uvuguvugu hapana, ya majani ya mti wowote hapana. Kuoga ni jambo jingine: muuguzi atakwambia lini, na kidonda kikaushwe kwa kitambaa safi bila kusugua.

Basi maumivu yatulizwe na nini?
Na dawa, kwa saa zake. Usisubiri mpaka ulie ndipo umeze. Kinamama wetu wanavumilia mno; wanang'ata kanga na kusema "sijambo, nesi" huku jasho linawatoka. Tuambieni. Anayeumwa haamki, hakohoi, na anayelala tu damu inaweza kuganda miguuni au kifua kikajaa makohozi.

Ukitaka kukohoa au kucheka, kunja kanga nene, iweke juu ya kidonda na uishikilie kwa mikono miwili. Ukiinuka, geuka ubavu kwanza, shusha miguu, kisha jisukume kwa mkono. Tembea kidogo kidogo kuanzia siku tunayokuruhusu, kwa kawaida ni ndani ya saa 24. Gesi inayosokota tumbo hutoka kwa kutembea.

Nitarudi lini shambani?
Wiki 6 bila ndoo ya maji, bila kuinama kuokota korosho, bila tendo la ndoa. Korosho waokote wengine.

Nirudi hospitali nikiona nini?
Homa, usaha au harufu mbaya, kidonda kuachana, damu inayojaza pedi ndani ya saa moja, mkojo kuvuja ukeni au kukataa kutoka, tumbo kujaa na kutapika, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kubana. Usimalize kwanza mnada wa korosho, wala usisubiri kliniki ya wiki ijayo. Njoo siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, na kidonda kisipakwe kitu njiani.