Plasta Juu ya Tundu la Maikrofoni Haizuii Sauti

Mjadala wa faragha ukianza tu, hakosi mtu wa kutuma picha ya laptopu yake: kipande cha plasta juu ya kamera, kingine juu ya tundu la maikrofoni, na chini yake maneno "mimi nimeshajikinga". Kipande cha kwanza kinafanya kazi. Cha pili hakifanyi. Wanaokitegemea si watu wa mzaha: ni wanahabari, mawakili, wanawake wanaofuatiliwa na wenza walioachana nao. Watu hawa wana haki ya kuambiwa ukweli, na wanaambiwa upuuzi.

Mwaka 2016 Mark Zuckerberg alituma picha ya kusherehekea watumiaji milioni 500 wa Instagram, na nyuma yake ikaonekana laptopu iliyobandikwa tepu kwenye kamera na pembeni, kwenye matundu ya maikrofoni. Tangu hapo tepu imekuwa ushauri unaorudiwa bila kupimwa.

Kuipima ni kazi ya dakika mbili. Fungua programu yoyote ya kurekodi, bandika plasta yako, kaa umbali wa mita moja, zungumza kwa sauti ya kawaida. Kisha sikiliza kwa hedifoni, ukipandisha sauti ya rekodi. Utajisikia umefifia kidogo, herufi kama "s" na "f" zimepoteza makali, lakini kila neno linaeleweka.

Sababu ni hii. Kamera inahitaji mwanga, na kitu kisichopitisha mwanga huuzuia wote. Sauti ni mtetemo. Hewa ya nje huitikisa plasta, plasta huitikisa hewa iliyonaswa ndani ya tundu, na maikrofoni inapokea. Zinazopotea zaidi ni sauti za juu, wakati maneno yanaeleweka vizuri ndani ya masafa ya hezi 300 hadi 3400, yale yale ambayo simu za mezani zilitumia miaka yote. Tazama na hesabu. Maikrofoni za MEMS, yaani maikrofoni ndogo sana za kwenye chipu, ambazo ndizo zimo ndani ya laptopu, kwa kawaida zina uwiano wa ishara na kelele wa desibeli 65 hivi, unaopimwa kwa sauti ya desibeli 94. Maana yake kelele ya maikrofoni yenyewe iko kwenye desibeli 29. Mazungumzo ya kawaida kwa mita moja ni kama 60. Hata plasta ikikata 10 nzima, unabaki na 50, yaani desibeli 21 juu ya kelele hiyo. Programu inarudisha kilichopungua kwa kupandisha sauti.

Isitoshe, tundu si moja. Laptopu nyingi zina maikrofoni mbili au zaidi: karibu na kamera, juu ya kibodi, au chini ya wavu wa spika. Wapo wanaoziba tundu la taa ya kamera wakidhani ni la maikrofoni, na kuiacha maikrofoni wazi. Na tafadhali, usichome sindano. Utaharibu moja, nyingine itaendelea kusikia, na hutajua.

Ushauri wa pili unaonikera ni jeki iliyokatwa: chomeka jeki tupu kwenye soketi ya milimita 3.5, eti maikrofoni ya ndani inakatika. Kwenye redio za kaseti za zamani, jeki ilikuwa ikisukuma swichi ya chuma na kukata waya kweli. Kwenye laptopu za leo, soketi inaitaarifu chipu ya sauti kwamba kitu kimeingia, na mfumo endeshi unaamua la kufanya. Jeki ya hedifoni tupu, yenye migusano mitatu, mara nyingi haibadilishi chochote upande wa maikrofoni. Ya migusano minne inabadilisha maikrofoni *ya msingi* tu. Ile ya ndani bado imo kwenye orodha, bado ina umeme, na programu yoyote inaweza kuichagua kwa jina. Tena hedifoni yenyewe inaweza kusikiliza: mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion nchini Israel walionyesha programu inayogeuza kazi ya soketi na kurekodi kupitia hedifoni zisizo na maikrofoni. Spika za ndani ya laptopu ni habari tofauti, kwa kuwa zinasukumwa na amplifaya ambayo haipitishi ishara kurudi nyuma.

Kinachoizima maikrofoni kweli ni kuikatia umeme. Laptopu za Mac zenye T2, chipu ya usalama ya Apple, kuanzia 2018, na zile za chipu za Apple zenyewe, hukata maikrofoni kwa maunzi, si kwa programu, kifuniko kinapofungwa. Laptopu za Framework zina swichi za kutelezesha za kamera na maikrofoni. ThinkPad nyingi zina sehemu ya kuzima maikrofoni ndani ya BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla mfumo endeshi haujawaka; izime hapo, kisha weka nenosiri la BIOS, la sivyo mwingine ataiwasha. Fundi anaweza pia kuchomoa kebo ya maikrofoni, ingawa kwenye mashine nyingi mpya maikrofoni imeunganishwa ubao mmoja na kamera, na utapoteza zote mbili. Kompyuta ya mezani mara nyingi haina maikrofoni ya ndani, lakini kamera ya USB inayo, na baadhi ya skrini pia. Chomoa USB.

Kitufe cha kunyamazisha ndani ya programu ya mikutano kiko mikononi mwa programu hiyo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison wa 2022 ulikuta programu za mikutano zikiendelea kupokea data ya maikrofoni zikiwa zimenyamazishwa. Ndiyo maana nyingine zinaweza kukuonya kwamba unaongea huku umejizima.

Kwenye Windows, fungua Mipangilio, Faragha na usalama, Maikrofoni. Programu za duka la Microsoft zina swichi moja moja. Programu za kawaida za kompyuta zote zinashiriki swichi moja. Orodha iliyo chini inaonyesha ni ipi iliyotumia maikrofoni na lini. Ukitaka zaidi, ingia kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows, sehemu ya HKEY_CURRENT_USER, ufuate CapabilityAccessManager hadi ConsentStore, microphone, NonPackaged. Kila programu ina LastUsedTimeStop, yaani wakati ilipoacha kutumia maikrofoni. Ikiwa ni sifuri, inasikiliza sasa hivi. Kwenye Mac tafuta nukta ya rangi ya chungwa, iliyokuja na toleo la macOS liitwalo Monterey. Kwenye Linux, amri ya `pactl list source-outputs` kwenye terminali inatosha.

Hapa lazima niseme jambo ambalo miongozo mingi huliruka. Ukaguzi huu wote hukamata programu zinazofuata taratibu. Spaiwea, yaani programu ya kupeleleza, yenye haki za msimamizi inaweza kuzipita swichi hizo na kufuta kumbukumbu hizo. Ukikuta kitu, amini. Usipokuta kitu, bado hujathibitisha kwamba mashine ni safi. Kuangalia matumizi ya data hakusaidii sana pia: sauti iliyobanwa kwa kilobiti 24 kwa sekunde ni megabaiti 11 hivi kwa saa, kiasi kinachopotea ndani ya video moja.

Kuhusu matangazo yanayofuata mazungumzo yako: watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern walichunguza programu 17,260 za Android mwaka 2018 na hawakukuta ushahidi wa kurekodi sauti kwa siri. Walikuta nyingine zikirekodi skrini. Hilo ndilo la kuhangaikia.

Kwa mtu wa kawaida, spaiwea mara nyingi huingia kwa njia kama hizi mbili: programu iliyovunjwa leseni inayopakuliwa bure, au mtu anayejua nenosiri lako na kukaa na mashine dakika kumi. Angalia programu za kudhibiti kompyuta kutoka mbali ambazo hukuziweka, akaunti za watumiaji usizozijua, na viendelezi vya kivinjari. Ukimshuku mtu unayeishi naye, usifute kwa haraka: kufuta kunamjulisha, na kunaondoa ushahidi. Tafuta msaada kwanza, ukitumia kifaa ambacho hajawahi kukigusa.

Wakati wa kusafisha ukifika, hifadhi hati na picha zako tu, si programu. Tengeneza USB ya kusakinisha kwenye kompyuta nyingine, futa diski nzima, sakinisha upya. Badilisha manenosiri ukiwa kwenye kompyuta hiyo nyingine, ukianza na barua pepe, na uondoe vifaa vyote vilivyobaki vimeingia kwenye akaunti zako. Ukiyabadilisha kwenye mashine iliyoambukizwa, unamkabidhi mpelelezi yale mapya.