Mlio masikioni: kabla hujalipia kifaa cha mtandaoni

Mlio huu ni ugonjwa gani?
Si ugonjwa, ni dalili. Unasikia filimbi, mvumo au sauti kama ya nyenje wakati nje hakuna kinacholia. Mara nyingi usikivu umepungua kwa umri au kwa kelele za mashine, spika na hedifoni. Nta iliyoziba nayo huleta mlio, na dawa kama kwinini au aspirini nyingi. Hayo ya kwamba kuna mtu anakusema tuyaache barazani.

Sikio moja limeacha kusikia ghafla, na linalia. Nisubiri?
Usisubiri. Nenda hospitali leo, hata kama haliumi. Tatizo likiwa kwenye sikio la ndani, dawa za steroidi hufaa zaidi zikianzwa siku chache za mwanzo. Wiki mbili zikipita, matumaini hupungua sana. Wagonjwa ninaowapokea huja mwezi wa pili tangu tatizo lianze, na chupa ya matone ya dukani mfukoni na kidude cha kuchaji walichoagiza kwa simu.

Usikawie pia kama mlio unadunda pamoja na mapigo ya moyo, uko upande mmoja tu, au umekuja na kizunguzungu kikali. Uso ukipooza, ni dharura.

Muuzaji ameniambia kifaa chake kinaponya kabisa.
Atasema nini kingine? Vidude vya mwanga mwekundu na sumaku vinavyouzwa mitandaoni havijathibitishwa kuponya mlio. Vifaa vya maana vipo. Kifaa cha kusaidia kusikia humfaa aliyepungukiwa usikivu: sauti za nje zikirudi, mlio haumsumbui sana. Lenire, kinachotoa sauti masikioni pamoja na umeme hafifu ulimini, kiliidhinishwa Marekani na FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya huko, mwaka 2023. Lakini hicho hutolewa na mtaalamu baada ya vipimo, kwa maelfu ya dola, na hakiahidi kuufuta mlio.

Basi pesa yangu niipeleke wapi?
Kwanza uangaliwe sikio na upimwe usikivu. Ikionekana hakuna la hatari na bado hulali, tafuta mwanasaikolojia. Hapo wengi hununa: "Kwani mimi nimechanganyikiwa?" Hapana. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaochambua tafiti za tiba, yenye tafiti 28, yalionyesha kuwa tiba ya kurekebisha fikra na mwenendo inaweza kupunguza kero ya mlio. Sauti haizimwi; kinachopungua ni jinsi inavyokutesa. Saa nane usiku unawaza "nitakuwa kiziwi", moyo unakwenda mbio, na kadiri unavyouvizia mlio ndivyo unavyousikia. Unafundishwa kulikagua wazo hilo badala ya kuliamini, na kuacha kulala kwenye kimya kabisa: feni au redio ya sauti ya chini inatosha.

Kwetu hakuna mwanasaikolojia.
Najua, ni wachache. Ulizia kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Nauli ya kufika huko ni ndogo kuliko bei ya kile kidude.

Nikijaribu kwanza kutoa nta mwenyewe?
Hapana. Pini ya nywele, njiti ya kiberiti, kijiti cha pamba, mafuta ya moto: hapana kwa vyote. Utaisukuma nta ndani, utaunguza sikio au utatoboa ngoma yake. Na kama sikio limeacha kusikia ghafla, narudia: hospitali leo hii, si baada ya mzigo wa mtandaoni kufika.