Gitaa la sauti ndogo katika mji wa kelele

Nikimwambia mtu napiga gitaa, swali la kwanza huwa "Bendi gani?" Nikijibu sina bendi, hufuata la pili: "Sasa unaimba nini?" Siimbi. Napiga gitaa la klasiki, lile la nyuzi za nailoni, kwa vidole vitupu, na tungo ninazopiga nyingi ni za Wahispania na Waitaliano wa karne ya 19, kina Sor, Giuliani na Tárrega. Hapa Mombasa kazi hii haigombaniwi. Lakini imenilipia kodi ya nyumba miaka 17 sasa, na kila nilichojifunza ndani yake kimetokana na kasoro moja ya chombo chenyewe: sauti yake ni ndogo.

Gitaa hili halina umeme. Uzi hutikisa daraja, kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi na kilichogundishwa ubaoni, daraja hutikisa ubao wa juu, ubao husukuma hewa, basi. Fundi wa Kihispania Antonio de Torres (1817–1892) ndiye aliyelipanua tumbo, akauweka urefu wa uzi kwenye sentimita 65 tunazotumia hadi leo, na akapanga vijiti vyembamba kama upepeo chini ya ubao ili uwe mwepesi bila kuvunjika. Mwaka 1862 alitengeneza gitaa ambalo mbavu na mgongo wake ni karatasi ngumu, ubao wa juu pekee ndio mbao nzuri. Alitaka watu waone sauti inatoka wapi. Kisa hicho huwasimulia wazazi wanaoniletea gitaa lenye maua na rangi za kung'aa mgongoni.

Mhispania mwingine, Andrés Segovia, alijaza kumbi kubwa za dunia na akakataa maikrofoni. Namheshimu sana. Sidhani kama aliwahi kupiga kando ya bwawa la kuogelea huko Diani saa mbili usiku, mawimbi upande huu, blenda ya juisi upande ule. Mimi hutumia spika, tena sioni aibu. Kazi za hoteli zina pesa msimu wa wageni na hazina adabu ya malipo msimu ukiisha. Kuna mmoja alinizungusha miezi mitano, sitamtaja.

Ilikuwa safari ya Diani pia iliyonipa somo la gundi. Foleni ya feri ya Likoni, saa nane mchana, madirisha nimeyafunga kwa sababu ya vumbi, gitaa liko kwenye buti. Gundi ya mbao hulegea kwenye joto, na nyuzi sita za nailoni zikikazwa huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 40 bila kupumzika. Nilisikia mlio kama wa kifuu kikipasuka. Tangu utotoni nangoja daraja Likoni; siku ile hata nililokuwa nalo liling'oka.

Kwa hivyo ukiishi Pwani, legeza nyuzi kabla ya safari, usiliache chombo garini, na usiliegemeze kwenye ukuta unaopigwa na jua. Unyevu nao ni shughuli nyingine. Magitaa ya mbao tupu huridhika na hewa ya unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na hewa yetu hupita hapo karibu kila siku. Ubao huvimba, nyuzi zikapanda juu, mkono wa mtoto ukachoka. Ndiyo maana mwanafunzi mpya humshauri anunue la plaiwudi. Wapigaji wa Ulaya watanicheka, lakini plaiwudi haivimbi haraka. Na tafadhali usilifunge nyuzi za chuma kwa sababu ndizo zilizoko dukani. Hizo huvuta kilo 70 na zaidi, na gitaa la klasiki halikujengwa kubeba mzigo huo.

Sauti ndogo hukifanya kila kitu kisikike, hasa ukucha. Mkono wa kulia tunapiga kwa nyama ya kidole na ukucha kwa pamoja: uzi huteleza juu ya nyama, kisha ukucha unaumalizia. Ukucha ukiwa na mkwaruzo usioonekana kwa jicho, sikio litauona. Nina kipande cha msasa laini pochini kama wengine wanavyobeba leso. Siku moja, saa nne kabla ya onyesho, ukucha wa kidole cha kati ulikatika kwenye mlango wa tuktuk. Nilikimbilia saluni Mwembe Tayari, nikaketi na ndevu zangu katikati ya bibi harusi na mashoga zake waliokuwa wakichorwa hina. Binti wa kazi akanibandikia wa bandia, akausugua, akaniuliza, "Nikutilie na rangi, kaka?" Nilipiga vizuri usiku ule kuliko kawaida.

Jumamosi asubuhi ni darasa la mtaa, bure, kwenye ukumbi wa kukodi Kisauni. Watoto 14, magitaa 7. Anayepiga hukaa, mwenzake hushika mapigo kwa makofi, halafu hubadilishana. Mwanzo kila mtoto humpa uzi mmoja tu, kwa hivyo utungo mfupi huhitaji watu sita kukamilika, na anayelala hujulikana.

Huko ndiko mzee mmoja mpiga udi, ile ala ya nyuzi ya Waarabu, alikonitembelea. Alisikiliza kimya, akalichukua gitaa, akapitisha kidole kwenye vile vyuma vya shingoni. "Mwanangu, sauti mumeitia jela." Alikuwa na haki. Vyuma hivyo huigawa oktava, yaani kutoka Do hadi Do ya juu yake, katika hatua 12 sawasawa. Kwenye Rast, moja ya maqam (mifumo ya noti ya muziki wa Kiarabu), ikianzia Do, noti ya tatu hukaa katikati ya Mi na Mi iliyoshushwa nusu, na kwenye gitaa pahali hapo hapana kitu. Udi hauna vyuma. Kidole hukaa kitakapo. Nao ndio mkubwa: luti ya Ulaya, jamaa wa gitaa, imetokana na udi, na jina lake limetokana na "al-ud". Sasa akija, uzi mnene naushusha kutoka Mi hadi Re, nampigia besi peke yake, yeye na risha yake, kile kijiti cha kupigia udi, wanazunguka juu. Nikijitia kupiga melodi pamoja naye, hunitazama.

Jambo la mwisho ni la mguu. Mpigaji huinua mguu wa kushoto ili gitaa likae sawa kifuani, na vibao vya kazi hiyo vinauzwa ghali. Nilijaribu matofali, yakachafua sakafu, mwenye ukumbi akalalamika. Ndipo msichana mmoja alipokuja na mbuzi ya nyumbani kwao, meno ameyafunga kitambaa. Kimo chake kilikuwa sawasawa kabisa. Sasa utakuta mbuzi saba zimepangwa mstari. Darasa lilipaswa kwisha saa sita, lakini saa tano na nusu kina mama wanaanza kuchungulia mlangoni. Nazi hazijakunwa na wali haujapikwa.