Rais wa Tahiti si mkuu wa nchi

Kuna watu wanaomlaumu Oscar Temaru, mwanasiasa mpigania uhuru, kwamba alishika urais wa Polinesia ya Kifaransa (visiwa vya Pasifiki vilivyo chini ya Ufaransa, ambavyo mara nyingi huitwa Tahiti kwa jina la kisiwa chao kikubwa) mara tano, kati ya 2004 na 2013, na bado visiwa hivyo havikupata uhuru. Husema alilewa madaraka. Lawama hiyo inatokana na kudhani kuwa rais wa Tahiti ana mamlaka kama ya rais wa nchi huru.

Hana. Huchaguliwa na bunge la visiwa lenye viti 57, akasimamia mambo kama afya, uvuvi na utalii. Jeshi, mahakama, polisi na sarafu vyote viko mikononi mwa Ufaransa. Bunge hilo hilo humng'oa likitaka: serikali yake ya kwanza, iliyoingia Juni 2004, iliangushwa Oktoba mwaka huo huo kwa kura ya kutokuwa na imani.

Temaru alikuwa afisa wa forodha kabla ya siasa, na mwaka 1983 akawa meya wa Faa'a, mji ulioko Tahiti. Alichoweza kufanya alikifanya: alipeleka madai Umoja wa Mataifa. Tarehe 17 Mei 2013, Baraza Kuu lilirudisha visiwa hivyo kwenye orodha ya maeneo yasiyojitawala, licha ya upinzani wa Ufaransa. Wakati huo alikwisha kushindwa uchaguzi, na siku moja kabla, wabunge wapya wa Tahiti walipitisha azimio la kuupinga uamuzi huo. Kwangu, kuvirudisha visiwa kwenye orodha hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko vipindi vyote vitano vya urais.